Cha Juu: Wizi Ambao Daftari Haliuoni

Kwa miaka kadhaa niliweka vitabu vya duka moja la vifaa vya ujenzi. Meza yangu ilikuwa nyuma ya kaunta, hatua mbili kutoka kwa muuzaji, kwa hiyo nilisikia mengi kuliko niliyoandika. Fundi anaingia na bosi wake, mwenye nyumba inayojengwa. Wanauliza bei ya nondo, saruji, misumari na kofia za bati. Simu ya bosi inaita, anatoka nje kuipokea. Hapo fundi anaegemea kaunta: "Kaka, mteja nimekuletea mimi. Unaniangaliaje?" Muuzaji anakonyeza. Bosi akirudi, mfuko wa saruji uliokuwa 16,000 umeshakuwa 17,000. Analipa, anapewa risiti ya mashine, anaondoka ameridhika. Jioni fundi anapita peke yake kuchukua fungu lake, nami naliandika kwenye vitabu kwa jina la "usafiri".

Hicho ndicho tunachokiita cha juu. Wengine husema asilimia kumi, hata pale inapokuwa tano au ishirini. Wahenga walituachia neno kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kila anayefundisha ujasiriamali hulirudia. Lakini cha juu hupotea daftari likiwepo, tena limeandikwa kwa mwandiko mzuri. Pesa iliyotoka inalingana na risiti, risiti inalingana na mzigo, mzigo uko stoo. Mkaguzi akija atapiga muhuri. Anayechota kwenye droo huacha pengo, na pengo lina siku yake ya kuonekana. Anayekula kwa muuzaji haachi pengo lolote, maana wewe mwenyewe ndiye uliyelipa, kwa hiari yako na mbele ya mashahidi.

Tuweke namba. Chukua mgahawa wa wastani unaouza 500,000 kwa siku na kununua vitu vya 300,000: mchele, nyama, mafuta, nyanya, mkaa, soda. Mnunuzi wake analipwa 200,000 kwa mwezi. Akiweka cha juu cha asilimia 5 tu, kiasi ambacho hakuna mwenye mgahawa atakayekigundua kwa macho, anapata 15,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni 390,000, karibu mara mbili ya mshahara wake. Sasa geuza upande wa mwenye mali. Mauzo ya mwezi ni milioni 13. Kama anabakiwa na faida ya asilimia 10, yaani 1,300,000, basi bila cha juu angebakiwa na 1,690,000. Asilimia 5 ya manunuzi imekula karibu robo ya faida. Hapo bado sijahesabu nyama yenye mifupa mingi iliyochaguliwa kwa sababu mwenye bucha hiyo ndiye anayetoa fungu nono.

Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na wengi hulipita. Anayelipa cha juu hanunui huruma ya mfanyakazi wako, ananunua uamuzi wake. Baada ya miezi mitatu mnunuzi hafanyi tena kazi ya kukutafutia bei wala ubora. Anafanya kazi ya kumlinda muuzaji dhidi yako. Mchele ukiwa na mawe atakuambia mchele wote msimu huu una mawe. Mzigo ukipungua kilo tatu atasema mizani ya stoo imechoka. Una mfanyakazi unayemlipa wewe na anayemtumikia mwingine, na kati ya mishahara yake miwili wako ndio mdogo.

Mwenye biashara akigundua jambo hili, dawa ya kwanza inayomjia ni kutafuta mtu mwaminifu. Na mtu mwaminifu, kwa mila zetu, ni ndugu: mtoto wa dada anatolewa kijijini, anapewa godoro na funguo za stoo. Sina ugomvi na ndugu, nami nimelelewa na wajomba. Ila ndugu ana tabu moja katika biashara, kwamba kumwomba risiti ni kumtukana. Ukimhoji kuhusu bei ya mafuta ya kupikia leo mchana, usiku simu ya mama yake imeshafika, na kikao cha ukoo kinanukia. Mgeni unaweza kumkagua bila kumvunjia heshima. Kwa hiyo mara nyingi ndugu ndiye mtu pekee ambaye hakaguliwi katika biashara nzima, halafu tunashangaa alivyobadilika.

Donald Cressey, mwanasosholojia wa Kimarekani, aliwahoji wafungwa waliohukumiwa kwa kuiba mali waliyoaminiwa, na mwaka 1953 akachapisha kitabu juu yao. Alichagua kwa makusudi wale walioingia kazini kwa nia njema. Hawakuajiriwa wakiwa wezi. Walibanwa na shida ya pesa waliyoona hawawezi kumwambia mtu, wakaiona njia ya kujitatulia kwa mali iliyo mikononi mwao, na wakajipatia maneno ya kujitetea moyoni: nakopa tu, nitarudisha, hata hivyo wananilipa kidogo. Maneno hayo utayasikia mitaa ya Gerezani na Buguruni, Dar es Salaam, na kwenye kila stoo ya hoteli. Kwa fundi pale kaunta yetu yalikuwa mafupi zaidi: "Mteja nimemleta mimi." Na ukitafakari, hakuwa amekosea kabisa. Alikuwa amemleta. Kosa lake ni kwamba alijilipa kazi hiyo kwa siri, kutoka mfukoni mwa mtu aliyekuwa akimlipa kwa kazi nyingine.

Kwa hiyo naanzia mahali tofauti. Cha juu hakikai moyoni mwa mtu. Kinakaa kwenye nafasi. Katika ununuzi kuna mamlaka nne: kuchagua duka, kupatana bei, kupokea mzigo na kulipa. Mtu mmoja akizishika zote nne, umemfungulia duka lake ndani ya duka lako. Atakayekuja baada yake atalikuta liko wazi, maana wewe umemfukuza mfanyakazi tu. Muuzaji yuko palepale, ana namba yako ya simu, na atamkaribisha mnunuzi mpya kwa soda ya baridi.

Tuache ununuzi kidogo tuangalie ndugu yake wa karibu, malipo yanayomvuta mtu upande usiotaka wewe. Mfano tunao barabarani. Mwenye daladala anampa dereva gari na kumwekea hesabu ya siku, yaani kiasi cha kumletea kila jioni. Kinachozidi ni cha dereva na konda, kisipofika kuna maelezo. Mpango huu ulibuniwa na watu werevu: mwenye gari hawezi kukaa ndani ya basi akihesabu nauli, basi anamwachia dereva hatari yote ya siku mbaya na faida yote ya siku nzuri. Lakini gharama moja imebaki kwa mwenye gari, nayo ni matengenezo. Dereva hana sababu ya kuhurumia springi wala matairi. Atapita kwenye mashimo kukwepa foleni, atabeba watu mpaka mlango usifungike, na siku ikiwa nzuri atasema ilikuwa mbaya. Wala huhitaji kumfikiria kuwa ni mtu mbaya. Amefanya hesabu ile ile ambayo wewe ungefanya ungekuwa kwenye usukani.

Watafiti watatu, Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer, walilipima jambo hili Nairobi kwa matatu 255, yaani daladala za huko. Walifunga kifaa cha kufuatilia gari, na nusu ya wenye magari wakapewa taarifa kwenye simu zao: gari limepita wapi, limetembea kiasi gani, limeendeshwa vipi. Ndani ya miezi sita faida ya wale walioona taarifa ilipanda. Madereva walipunguza njia za mashimo zilizokuwa zikiua magari, na udanganyifu juu ya mapato ukapungua. Sehemu inayonipendeza zaidi ni nyingine. Kifaa kilionyesha pia mwendo wa kasi na breki za ghafla, lakini wenye magari hawakuutumia ujuzi huo kuleta usalama barabarani, maana usalama wa abiria haukuwa unawaingizia chochote. Ni pale watafiti walipowalipa madereva wenyewe kwa kuendesha vizuri ndipo mwendo ulipobadilika. Taarifa peke yake haina mikono. Lazima kuwe na mtu ambaye taarifa hiyo inamgusa mfukoni.

Linganisha na bodaboda ya mkataba. Kijana anapewa pikipiki, anapeleka fedha kila wiki kwa muda waliokubaliana, mara nyingi mwaka na kitu, halafu pikipiki inakuwa yake. Muulize fundi yeyote wa pikipiki ni ipi inayoletwa kubadilishwa oili kwa wakati, ya mkataba au ya hesabu. Kijana ni yule yule, mtaa ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba injini ya mwaka kesho ni mali yake. Bila benki wala mshauri wa biashara, vijana wa vijiweni na wenye pikipiki wameunda dawa ambayo wanauchumi huiandikia vitabu.

Sasa mtego. Mwenye duka akisikia habari hizi hukimbilia kamisheni: kila muuzaji apate asilimia fulani ya mauzo. Mauzo yatapanda, hilo sina shaka nalo. Pamoja nayo vitapanda vitu ambavyo hakuvilipia: punguzo la bei linalotolewa ovyo, mkopo kwa mteja asiyelipa, mzigo unaosukumwa kwa mtu asiyeuhitaji. Mwaka 1992 serikali ya jimbo la California iliishutumu kampuni ya Sears kwamba gereji zake ziliwauzia wateja matengenezo yasiyohitajika. Wahudumu wa gereji hizo walikuwa wakilipwa kwa kamisheni na kupangiwa viwango vya kuuza. Hakuna bosi aliyewaambia waibe. Waliambiwa wauze springi na breki kiasi fulani, nao magari mazima wakayaona mabovu. Bengt Holmström na Paul Milgrom, ambao baadaye kila mmoja alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi, waliieleza sababu yake katika makala ya mwaka 1991: kazi ikiwa na mambo mawili, moja linapimika na jingine halipimiki, ukilipia linalopimika umelifukuza lisilopimika. Famasi inayomlipa muuzaji wake kwa kila dawa inayotoka itapata muuzaji hodari wa kutoa antibayotiki kwa mafua.

Ndiyo maana nina mashaka na ushauri unaotolewa sana siku hizi, kwamba mnunuzi apewe sehemu ya fedha anazookoa. Kwa bidhaa isiyo na siri, kama saruji ya chapa moja au soda, unafanya kazi. Kwa nyama, samaki, mbao na vipuri unakuletea bei nafuu na takataka. Tena mnunuzi mjanja ataanza na bei ya juu mwezi huu ili aokoe mwezi ujao. Ukiamua kuutumia, bei ya kulinganishia itoke sokoni, usiitoe kwenye risiti zake mwenyewe, na mtu mwingine awe na haki ya kuukataa mzigo.

Basi tufanye nini? Jibu bora ninalolijua limetoka mbali na kwenye ofisi kubwa kuliko za kwetu, lakini linaingia hata kwenye kibanda cha chipsi. Mwaka 1996 utawala mpya wa jiji la Buenos Aires, Argentina, uliamua kupambana na rushwa katika ununuzi wa hospitali za umma. Njia ilikuwa rahisi mno: kila hospitali ilitakiwa kutuma bei ilizonunulia vitu vya kawaida visivyotofautiana, bei zikakusanywa, kisha kila hospitali ikaonyeshwa wenzake wamenunua kwa kiasi gani. Rafael Di Tella na Ernesto Schargrodsky walizichambua takwimu hizo. Katika miezi tisa ya kwanza bei zilishuka kwa asilimia 15. Baadaye, watu walipoona hakuna anayefuatilia kwa nguvu, zikaanza kupanda tena. Na juu ya mshahara waligundua jambo la kuwanyamazisha wale wanaosema lipa vizuri utamaliza wizi: mshahara mzuri ulisaidia pale tu palipokuwa na ukaguzi, tena wa wastani. Bila ukaguzi, mshahara mkubwa na cha juu vilikaa nyumba moja bila kugombana.

Kulinganisha bei ndiyo dawa inayokosekana kwetu, kwa sababu masoko yetu yameishi bila bei kuandikwa. Soko la Kariakoo unaweza kuuliza kitambaa kimoja maduka matano ukapata bei sita, ya sita ikiwa ya winga, yule dalali aliyekushika mkono mlangoni. Katika giza hilo cha juu kinanenepa. Lakini mwenye biashara ndogo ana simu, na simu yake inatosha. Mara moja kwa wiki, siku isiyojulikana, chagua vitu vitano ulivyonunuliwa, piga maduka matatu uulize bei kama mteja wa kawaida, andika pembeni ya risiti. Usimwambie mnunuzi umegundua nini. Mwambie tu kwamba unafanya hivyo.

Kuna kipimo kizuri zaidi, na hakihitaji hata simu. Mazao yana msimu. Tenga la nyanya hupanda bei mpaka watu wakapika bila nyanya, kisha msimu ukija hushuka mpaka wakulima wakalia. Kitunguu vilevile. Sasa fungua daftari lako la mwaka mzima uangalie bei uliyonunulia nyanya mwezi kwa mwezi. Kama mstari umepanda wakati soko limepanda, na soko liliposhuka mstari ukabaki ulipokuwa, umempata. Mla cha juu hasahau kukuletea habari za kupanda kwa bei. Za kushuka huwa hazimfikii.

Upande wa mzigo, pima kwa kilo na usahau gunia. Lumbesa, gunia linalojazwa kupita kiasi, imewaumiza wakulima kwa miaka mingi kwa sababu gunia halina uzito maalumu, na katika stoo yako gunia linafanya kazi ileile kwa kinyume: linaingia limepungua. Pima pia kinachotoka. Kilo ya mchele inatoa sahani ngapi, lita ya dizeli inatembeza gari kilomita ngapi, mfuko wa saruji unatoa matofali mangapi. Pikeni siku moja mkiwa wote jikoni, hesabuni, andikeni ukutani. Kipimo kilichoandikwa ukutani hakimtuhumu mtu. Kinamlinda hata mfanyakazi mwaminifu, ambaye katika biashara nyingi hana njia yoyote ya kuthibitisha uaminifu wake.

Zile mamlaka nne, kwenye biashara ya watu wanne huwezi kuzigawa kama benki. Wala hakuna haja. Shika wewe moja tu, kulipa. Mnunuzi achague, apatane, apige picha ya ankara. Wewe utume fedha moja kwa moja kwenye lipa namba au akaunti ya duka, kwa jina la duka. Cha juu hakitakufa, maana muuzaji anaweza kumrudishia baadaye, lakini kitapoteza urahisi wake. Asiyegusa fedha hawezi kuandikiwa risiti ya 80,000 kwa mzigo wa 70,000 na kubaki na tofauti. Itabidi amwombe muuzaji amrudishie, na wizi unaohitaji mshirika ni dhaifu kuliko wizi wa mtu mmoja. Anayepokea mzigo awe mwingine, hata akiwa mpishi. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na unaweza kuihakiki kwa TRA, mamlaka ya mapato, ila usiitegemee kwa kazi isiyokuwa yake: inathibitisha kwamba kiasi fulani kililipwa, haisemi kwamba bei ilikuwa ya haki. Risiti nyingi za "usafiri" wangu zilikuwa za mashine.

Halafu zungumza na muuzaji. Hapa ndipo wenye biashara wengi wanapopoteza fedha za bure. Muuzaji anayeweza kumpa mfanyakazi wako 1,000 kwa kila mfuko amekuambia, bila kukusudia, kwamba bei yake ina nafasi ya 1,000. Mwendee uso kwa uso: "Najua mnawaangalia mafundi. Mimi ndiye ninayelipa, hiyo nafasi iandike kwenye ankara kama punguzo." Pale dukani kwetu waliofika kusema hivyo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kila mmoja alipewa. Mwenye duka hakuwa na mapenzi na mafundi. Alikuwa na mapenzi na kuuza. Mwandikie pia ujumbe kwamba duka litakalobainika kumpa mfanyakazi wako chochote pembeni mmeachana. Na wale wauzaji uliowakatalia wape namba yako. Muuzaji aliyekosa biashara kwa sababu hakutoa fungu ana uchungu na ana ushahidi. Chama cha kimataifa cha wakaguzi wa ulaghai, ACFE, katika ripoti yake ya mwaka 2024 kilionyesha kwamba asilimia 43 ya kesi walizochambua ziligunduliwa kwa mtu kutoa taarifa, kuliko kwa njia nyingine yoyote. Kamera yako inamwangalia keshia, wakati mapatano yalifanyika Gerezani kwenye duka la vipuri.

Jingine ni likizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 mfululizo. Wenye biashara ndogo huiona hasara, na humsifu yule asiyeondoka hata siku moja, anayefika kwa homa ili tu anunue nyanya mwenyewe. Mpeleke likizo. Mtu mwingine akinunua wiki nne na bei zikashuka, umepata ukaguzi wa bure kwa amri ya sheria.

Juu ya sheria nitapita haraka. Wengi hudhani rushwa ni ya polisi na maofisa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, kifungu cha 15, inamgusa yeyote anayepokea kitu ili afanye au asifanye jambo katika shughuli za mwajiri wake, na mwajiri huyo anaweza kuwa wewe mwenye mgahawa. Anayetoa naye yumo. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanaweza kulipokea shauri lako. Nchini Kenya, Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 imekwenda mbele zaidi: inazitaka hata taasisi binafsi ziwe na taratibu za kuzuia hongo kulingana na ukubwa wao. Lakini ukimkamata mtu usimkate mshahara kwa hasira. Kwa sheria ya Tanzania makato ya kufidia hasara yanahitaji makubaliano ya maandishi na nafasi ya mfanyakazi kujieleza, na hayazidi robo ya mshahara. Ukimfukuza kwa kelele bila utaratibu, ana siku 30 za kukupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mla cha juu wako anaweza kurudi akiwa amekushinda.

Nimesikia hoja ya upande wa pili, tena kutoka kwa watu waliofanikiwa. Wanasema: mwache ale kidogo, mradi kazi inakwenda, ukishinda unafukuzana na 15,000 utapoteza wateja wa 150,000. Kuna ukweli ndani yake. Mwenye mgahawa anayekwenda soko la Ilala alfajiri kila siku kununua vitunguu mwenyewe amejiajiri kazi ya 200,000. Ukaguzi una gharama, na upo uvujaji ambao ni nafuu kuuacha. Lakini wanaosema hivyo kwa kawaida wanalipa mshahara ambao wanajua hautoshi, wakitegemea cha juu kiujazie. Hilo nalikataa. Mshahara una kikomo na unaujua. Cha juu hupangi wewe, na kila mwaka kinajipandisha cheo. Kama unaona mnunuzi wako anastahili 350,000, mpe 350,000 kwa mkono wa kulia na umkague kwa mkono wa kushoto.

Na kuna mkaguzi mmoja ambaye hana wa kumkagua. Mwenye mali anayefungua droo na kuchukua 50,000 za harusi bila kuandika amewafundisha wote kwamba droo haiandikwi. Anayemwambia keshia "huyu mkatie risiti ya nusu" ili kuwapunja TRA amemfundisha keshia ufundi kamili, pamoja na lugha yake. Nimekaa nyuma ya kaunta nikaandika "usafiri" kwa sababu niliambiwa niandike "usafiri". Mwaka wa tatu muuzaji wetu naye alikuwa na usafiri wake, kwa wateja wetu na kwa watu waliotuletea mzigo sisi. Mwenye duka alilia sana siku alipogundua. Hakuna hata karatasi moja aliyoweza kumwonyesha mtu, maana vitabu vyangu vyote vilikuwa sawa.

Kama unajenga, au una mgahawa, au gari moja barabarani, toa leo risiti za mwezi uliopita. Chagua vitu vitano, piga simu maduka matatu, na usiseme jina lako wala la fundi wako. Dakika 20 zinatosha. Anza na saruji.